Ukikamatwa na polisi angalia saa: haki zako kwa sheria za Bara

Vijana tunajua sana RB ni nini, lakini siku pingu zikiingia mikononi mwetu tunabaki kusema "afande nisamehe" tu. Mimi si mwanasheria, nimeishia kidato cha nne, ila nimezisoma sheria na naziweka hapa kwa lugha yetu. Nazungumzia Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria yao.

Za kujua kwanza ni mbili: Katiba ya 1977, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Ibara ya 13(6) ya Katiba inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kweli ametenda kosa, na inakataza kutesa. Kwa hiyo aliyeko selo ni mtuhumiwa, si mwizi.

1. Kukamatwa
Askari anapaswa kukwambia unakamatwa kwa kosa gani, isipokuwa kama kosa liko wazi palepale au umeleta vurugu. Uliza kwa adabu, usikimbie wala kushindana naye.

2. Masaa manne
Hapa ndipo wengi hatupajui. Tangu uwekwe chini ya ulinzi, polisi wana masaa 4 ya kukuhoji. Mkuu wa upelelezi anaweza kuongeza mpaka 8 mengine. Muda wa kukusafirisha kwenda kituoni au kumsubiri wakili wako hauhesabiwi. Mahakama ya Rufani imeshafuta maelezo ya watuhumiwa mara kadhaa kwa sababu yalichukuliwa nje ya muda huo. Kwa hiyo kariri saa uliyokamatwa, na mwambie ndugu yako aiandike.

3. Maelezo ya onyo
Kabla ya kuhoji, lazima uonywe kwamba, ukiacha jina na anwani, hulazimiki kujibu swali lolote, na ukijibu yanaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Dogo mmoja wa mtaani kwetu, dereva wa bodaboda, alisaini karatasi bila kuisoma ili arudi nyumbani mapema. Mahakamani ikasomwa kwamba amekiri! Ndugu yangu, soma kwanza. Kama hujui kusoma, omba usomewe. Kama si maneno yako, usisaini.

4. Masaa 24 na dhamana
Ukikamatwa bila hati na haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya masaa 24, kituo kinapaswa kukupa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Dhamana ya polisi haiuzwi. Anayetakiwa ni mdhamini, si bahasha.

5. Yasiyo na dhamana
Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha yamo kwenye orodha hii. Hapo hata hakimu amefungwa mikono. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa kwa makosa yakiwemo ya utakatishaji fedha, akakaa mahabusu hadi Februari 2020 alipotoka kwa makubaliano ya kukiri kosa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinavunja Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Ndiyo maana nasema jina la kosa ulilopewa ni kitu cha kuuliza mapema sana. Linaweza kuwa tofauti ya kulala kwenu na kulala gerezani miezi.

6. Huna hela ya wakili?
Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ukiwa mahakamani mwambie hakimu huna uwezo. Akiona haki inadai hivyo, anaweza kuelekeza upatiwe msaada.

Haya yote hayamzuii askari mbaya kukukamata. Lakini anayejua saa aliyokamatwa, kosa lake na alichosaini, ana cha kusema mbele ya hakimu. Mpelekee na mshkaji wako asiyeingia mtandaoni.

Wanasheria mliomo humu, ongezeeni hapo chini. Nawasilisha.