Mbiru: Kodi Iliyowashusha Wapare Mlimani

Leo twapanda milima ya Upare, kaskazini-mashariki ya Tanganyika, tutazame habari moja ya miaka ya 1944 mpaka 1947. Ni habari ya kodi. Najua neno hilo halimchangamshi mtu, lakini vuta kiti ukae, maana habari hii ina wanaume waliolala nje miezi na miezi, na wanawake waliomwambia Bwana Shauri neno ambalo hakulitazamia kabisa.

Kwanza tuelewe sanduku la fedha, ndipo tutaelewa ugomvi. Waingereza walipoitawala Tanganyika waliweka sheria mwaka 1926 iliyowapa watawala wa kienyeji madaraka ya serikali ndogo. Katika Upare watawala hao walikuwa tisa, kila mmoja na nchi yake: Usangi, Ugweno, Mbaga, Mamba na kadhalika. Kwa lugha yao waliitwa wafumwa. Kila serikali ndogo ilikuwa na hazina yake. Ndani ya hazina hiyo iliingia sehemu ya kodi ya nyumba na ya kichwa iliyorudishwa na serikali kuu, pamoja na ada na faini za barazani. Na kutoka humo ulilipwa mshahara wa mfumwa mwenyewe, wa makarani wake na wa matarishi. Kilichosalia ndicho kilichotengeneza njia, zahanati na shule.

Sasa angalia jambo hili vizuri. Aliyekusanya fedha ni mfumwa. Aliyelipwa kwanza ni mfumwa. Aliyekaa barazani kupanga matumizi ni mfumwa na wenzake, na aliyeidhinisha ni Bwana Shauri kule Same. Mkulima aliyelipa hakuwa na kiti. Haki aliyokuwa nayo ni kupewa stakabadhi.

Wakati wa vita ya pili ya dunia wafumwa, kwa shauri la serikali, wakaazimia kuleta kodi mpya ya serikali zao, juu ya ile iliyokuwapo. Hii haikuwa ya kiasi kimoja kwa watu wote. Ilikuwa ya ngazi: mwenye mali nyingi alipe zaidi, mwenye mali kidogo alipe kidogo. Wakaiita mbiru, kwa jina la tunu ambayo watawala wa zamani walipewa na watu wao. Bila shaka walidhani jina la kale litaifanya kodi mpya ionekane kama ndugu wa nyumbani. Watu hawakukubali udugu huo. Tunu ya zamani waliijua wao wenyewe, na hii haikufanana nayo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapolikosea somo hili. Ukiitazama kodi ile katika karatasi, ilikuwa ya haki kuliko ile ya zamani. Kodi ya kichwa ilimtoza mwenye shamba kubwa la kahawa sawasawa na kijana mwenye mbuzi wawili. Yule mkubwa hakuisikia, na yule kijana alishuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ili aipate. Ukiniuliza mimi, nitasema kutoza watu kwa kadiri ya mali ni jambo jema, na nchi nyingi zinafanya hivyo mpaka leo. Basi kwa nini Wapare, hata walio maskini, waliikataa? Yafaa ujue kwamba hawakukataa kulipa kodi. Walitaka walipe kiasi kimoja, kila mtu sawa na mwenzake. Walichokataa ni makadirio.

Maana mali ya mtu mlimani haihesabiki kama magunia katika ghala. Mkadiriaji anaingia uani, anaona ng'ombe watatu. Je, ni wa huyu bwana? Huenda mmoja amekabidhiwa na shemeji yake amtunzie. Mwingine amekwisha kuahidiwa kwa mahari ya mtoto wa ndugu. Kahawa ya mwaka huu imezaa, ya mwaka jana ilikauka. Atakayeamua ni nani? Ni mtu wa mfumwa. Na ikiwa mkadiriaji ana ugomvi na jirani yake wa mpaka wa shamba, jirani huyo atajikuta amekuwa tajiri siku moja tu bila kuongezewa hata kuku. Atakwenda wapi kushitaki? Barazani kwa mfumwa yule yule. Kodi ya kiasi kimoja ilikuwa nzito kwa maskini, kweli, lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kuitumia kumkomoa mwenziwe. Kila mtu alijua kiasi chake na cha jirani yake. Wapare waliona ni afadhali uzito unaojulikana kuliko wepesi ulio mikononi mwa mtu usiyeweza kumhoji.

Watani wao husema kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni mzaha, nao wenyewe huucheka. Lakini katika jambo hili uhodari wao wa kushitaki uliwafaa sana.

Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume wakateremka kutoka milimani, wakaenda Same, mji ulioko bondeni kando ya reli, mahali palipokuwa na boma la wilaya. Wakataka wasikilizwe. Wakaambiwa wakalipe kwanza, kisha waende makwao. Hawakulipa wala hawakuondoka. Siku zikawa majuma, majuma yakawa miezi. Chakula kilipikwa na wanawake na kuletwa hapo bomani. Wakaandika maombi yao, nayo yakapelekwa juu ya Bwana Shauri, kwa Gavana. Maneno ya maombi yao yalikuwa ya adabu. Hawakusema waondolewe serikali, walisema kodi hii imeamuliwa bila wao.

Msomaji, jiulize gharama yake. Mwanamume akikaa bomani, nani analima? Nani anasafisha mifereji ya maji, ambayo ndiyo uhai wa mashamba ya milimani? Kazi yote iliwaangukia wanawake, na wanawake hawakuwa hata katika daftari la kodi. Lakini ndio waliolipa, kwa jasho na kwa upweke.

Mwanzoni mwa mwaka 1946 Bwana Shauri alikwenda Usangi kutafuta suluhu. Wanawake wakamkusanyikia kwa wingi katika baraza la mfumwa. Wakamwambia hivi: wewe umewazuia waume zetu Same. Basi ama umalize shauri hili warudi nyumbani, ama wewe mwenyewe utupe mimba sisi sote. Hawakuwa wakifanya mzaha. Kwao lilikuwa jambo la wazi kabisa: serikali iliyotenganisha nyumba ilikuwa inazuia watoto wasizaliwe, na mwenye kosa anapaswa kulipa fidia. Ghasia ikatokea, mawe yakarushwa. Siku chache baadaye wanawake wakashika njia kwa miguu kwenda Same, safari ya zaidi ya maili ishirini, wakasimame pamoja na waume zao.

Waandishi wengine wa mambo ya kodi huwasahau wanawake hawa, au huwataja kama kichekesho. Mimi naona walilisema jambo ambalo wanaume katika maombi yao ya adabu hawakulisema: kwamba hesabu ya kodi haimaliziki katika shilingi. Pia inahesabiwa katika siku za kazi, na katika nyumba isiyo na mtu.

Serikali ikarudi nyuma polepole, kama serikali zinavyofanya. Kodi ya kiasi kimoja ikarudishwa, na mwaka 1947 mbiru ikafutwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye mwenyewe alizaliwa Upare, aliitungia habari hii kitabu kidogo kilichotolewa mwaka 1971, na ni kwa kazi ya namna hiyo kwamba haikupotea.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1953 ilipitishwa sheria ya serikali za mitaa iliyofungua mlango wa mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, madaraka ya watawala wa jadi yakaondolewa, na halmashauri za wilaya zikashika kazi. Halmashauri hizo zikavunjwa mwaka 1972, zikarudi mwaka 1984 kwa sheria zilizopitishwa mwaka 1982, nazo zikarudi na kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima. Wengi wenu mnaikumbuka, na jinsi watu walivyokuwa wakikimbilia porini walipowaona mgambo njiani. Ilifutwa mwaka 2003, na watu wakashangilia.

Mimi pia nilifurahi. Lakini tangu hapo fedha nyingi za halmashauri hutoka serikali kuu, na mtu asiyetoa senti mkononi mwake husahau kwamba fedha zile bado ni zake, kwa njia ya sukari anayonunua na mazao anayouza. Yule Mpare wa 1945 alijua hasa ametozwa nini, na akashuka mlima. Sisi twatozwa kimyakimya, na ubao wa matangazo wa kijiji wenye mapato na matumizi twaupita kama tunavyoupita mti.

Kwa sheria ile ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume kwa mwanamke, na hapo ndipo hesabu za kijiji hutolewa. Hesabu za halmashauri nazo hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na taarifa yake huchapishwa.

Kwa hiyo kazi ya kikundi chenu ni hii. Kabla ya somo lijalo, mtu mmoja aende akanakili karatasi ya mapato na matumizi iliyobandikwa karibuni katika kijiji au mtaa wenu. Kama hakuna iliyobandikwa, aandike tarehe ya ile ya mwisho. Aje na karatasi hiyo, tuisome pamoja mstari kwa mstari, tukianza na posho.