Maji ya Rangi, Unga Mweupe na Jua: Tulikotoka na Tulipofika

Wanaotia rangi ukindu na batiki huuliza sana: maji yanayobaki tuyamwage wapi? Swali hili lina historia ya zaidi ya miaka 160.

Mwaka 1856 jijini London, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe. Dawa hakuipata. Alipata rangi ya zambarau iliyoshika vizuri kwenye hariri. Baada yake viwanda vya Ulaya viliunda rangi nyingi za kemikali, na wateja wakataka rangi isiyochuja kwa jua wala sabuni.

Tatizo likaanzia hapo. Rangi isiyochuja kwenye kitambaa haichuji kirahisi mtoni pia. Huzuia mwanga kufikia mimea ya majini, na baadhi ya rangi zikivunjika nusunusu hutoa kemikali zinazoweza kuleta saratani.

Dawa yake ilianza kama kasoro. Rangi nyeupe za ukutani zenye unga wa titani dioksidi zilikuwa zikichakaa juani na kutoa vumbi kama chaki. Mwaka 1938 huko Uingereza, Goodeve na Kitchener walionyesha kwamba unga huo ukipigwa na mionzi ya urujuanimno hufifisha rangi nyingine. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walieleza jinsi mwanga na titani dioksidi vinavyoweza kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Watafiti wengi wakaamka. Mwaka 1977 Frank na Bard wa Marekani walionyesha kuwa unga huo huharibu hata sumu ya sayanidi majini.

Unafanyaje kazi? Mwanga ukigonga punje, huamsha nguvu ya umeme ndani yake. Nguvu hiyo, ikikutana na maji na oksijeni, huzaa kemikali kali zinazokatakata rangi. Kazi ikikamilika, hubaki maji, hewa ya ukaa na chumvichumvi. Unga wenyewe hauliki, ndiyo maana unaitwa kichocheo.

Kazi yote hufanyika juu ya uso wa punje. Kama unga wa mahindi unavyoiva upesi kuliko punje nzima, ndivyo chembe ndogo zinavyofanya kazi zaidi. Leo hutumika chembe za nanomita 20 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Lakini ugumu upo. Unga huu hutumia urujuanimno, ambao ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua. Maji mazito ya rangi huzuia mwanga kupenya, na chembe ndogo hivyo ni shida kuzichuja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji:

- Usimimine rangi ya ukutani kwenye maji machafu ukitegemea yatasafika. Watengenezaji siku hizi huzifunika punje ili zisifanye kazi hiyo.
- Pima rangi kwa uzito wa ukindu au kitambaa, na maji yaliyobaki yatumie tena kwa rangi nyepesi.
- Mabaki usimwage mtoni wala kwenye bustani ya mboga. Chimba shimo mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Shimo hupunguza madhara, haliondoi rangi.
- Maji kuwa meupe si ushahidi kwamba ni salama. Rangi inaweza kupotea macho, vipande vyake vikabaki.