Profesa Ndulu na Darasa la Benki Tano

Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano ndogo zilizokuwa na upungufu mkubwa wa mtaji. Miongoni mwao zilikuwamo Benki ya Wananchi Meru, Benki ya Wananchi Njombe na benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Gavana, Profesa Benno Ndulu, alikuwa akihesabu siku zake za mwisho ofisini.

Ndulu hakuwa mtu wa kaunta ya benki. Alikuwa mtafiti. Baada ya kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, alifundisha uchumi Mlimani, kisha akaiongoza AERC, taasisi ya Nairobi inayowalea watafiti wa uchumi barani. Mwaka 1995 alikuwa katika jopo la Gerald Helleiner lililochunguza uhusiano uliokuwa umezorota kati ya Tanzania na wafadhili wake. Jopo lilizikosoa pande zote mbili, jambo ambalo mshauri mwoga asingethubutu.

Baadaye alishiriki kuhariri kitabu kikubwa, kilichotoka mwaka 2008, kuhusu ukuaji wa uchumi wa Afrika tangu 1960. Hoja yake ilikuwa nzito: mbali na jiografia, mataifa mengi yaliumizwa na chaguo za watawala wao, kama vile udhibiti uliopindukia, ugawaji wa upendeleo na matumizi yasiyohimilika.

Mwaka huohuo nadharia ilikutana na mtihani. Ukaguzi ulikuwa umebaini malipo batili ya takriban shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya EPA, ndani ya Benki Kuu yenyewe. Rais Kikwete alitengua uteuzi wa gavana, na Ndulu, aliyekuwa naibu, akakabidhiwa nyumba iliyopoteza imani ya umma.

Turejee kwenye benki tano. Kuzifunga kulikuwa sahihi, kwani benki isiyo na mtaji huendelea kupokea amana isizoweza kuzirudisha. Hata hivyo, bima ya amana ilikomea shilingi 1,500,000 kwa kila mteja. Mkulima aliyeweka zaidi ya hapo alilazimika kusubiri ufilisi, ilhali hakuwahi kukaa katika kikao chochote cha bodi.

Ndulu alifariki Februari 2021. Urithi wake unatudai swali ambalo wanafunzi wa uchumi na watumishi wa umma hawana budi kulijibu: uthabiti wa fedha unapolindwa, gharama yake inabebwa na nani? Usimamizi unaosubiri mpaka leseni ifutwe huwa umekwisha kumtwisha gharama hiyo mwenye akiba ndogo.