Mficha Maradhi Kifo Humuumbua: Historia Fupi ya Ungamo na Uraibu



Katika miji ya pwani yetu, mtu aliyetekwa na heroini huitwa teja, na maumivu yanayompata anapoikosa huitwa arosto. Hayo ni maneno ya mitaani. Kiswahili sanifu kina mraibu na uraibu. Teja ni jina la kumfukuzia mtu barazani, ilhali mraibu ni jina la mgonjwa, na mgonjwa hutafutiwa tiba. Hapa Olumbi, wilayani Palma, uteuzi wa neno una uzito, kwa kuwa bahari ya Cabo Delgado ni mojawapo ya njia zipitazo majahazi ya heroini kutoka Asia, na mzigo upitao njiani haukosi kumwagika.

Tiba mojawapo ya uraibu ilikua miongoni mwa Wakristo katika miaka ya 1930, katika nchi mbili zilizo mbali sana. Yafaa tuijue historia yake, hata sisi watu wa pwani ambao wengi wetu ni Waislamu.

Nchi ya kwanza iko Afrika Mashariki. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walisoma Biblia na kuomba pamoja. Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na huko ndiko uamsho ulikopamba moto miaka iliyofuata. Waliouingia waliitwa kwa Kiganda balokole, yaani waliookolewa; ndiyo asili ya neno letu walokole. Desturi zao kuu zilikuwa tatu: kuungama dhambi mbele ya wenzao, kurudisha walichoiba na kuomba msamaha kwa waliowakosea, na kukutana mara kwa mara katika ushirika. Wengi wao waliacha pombe kabisa.

Mmoja wao alikuwa Festo Kivengere wa Kigezi, mwalimu kijana aliyezoea ulevi. Aliokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940, kisha akapanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba msamaha Mzungu aliyekuwa akimchukia. Baadaye alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Uongofu wake ulianzia moyoni, lakini haukuishia huko. Ulimpeleka hadi mlangoni kwa mtu.

Nchi ya pili ni Marekani. Mwezi Mei 1935, mfanyabiashara Bill Wilson alikuwa hotelini mjini Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na kiu ya pombe aliyoiacha miezi michache kabla ikamrudia. Badala ya kuingia baa, alipiga simu kwa wachungaji akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa Bob Smith, daktari aliyeshindwa kuacha pombe. Tarehe 10 Juni 1935, siku Smith alipokunywa mara ya mwisho, huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama chao cha walevi wanaosaidiana. Wote wawili walikuwa wamepitia kundi la Kikristo la mhubiri Frank Buchman, na humo walijifunza kukiri makosa na kuyalipa. Mwaka 1939 walichapisha hatua 12 za kuacha ulevi. Ndani yake Mungu ametajwa kama kila mmoja anavyomfahamu, na kwa hiyo mlango ukabaki wazi kwa watu wa dini nyingine.

Kupitia mlango huo, hatua 12 zilifika pwani yetu. Tangu 2009 zimefunguliwa Unguja nyumba ambamo waraibu huishi pamoja, huacha heroini na kusimuliana maisha yao kwa kufuata hatua hizo. Wengi wao ni Waislamu, na neno toba hawakuhitaji kulitafutia tafsiri.

Hata hivyo, tusiitukuze historia kupita kiasi. Baadhi ya walokole walilaumiwa kwa kuwahukumu wasioungama kama wao, na aibu ya kulazimishwa haimponyi mtu. Tena sala haikatazi dawa. Mwezi Februari 2011, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni, dawa inayotuliza arosto ili mtu apate utulivu wa kujenga maisha upya.

Funzo la historia hii ni moja: uraibu hulishwa na siri, nao hudhoofika pale mgonjwa anapopata watu wa kumsikiliza bila kumdhihaki. Mlevi wa Akron alihitaji msikilizaji mmoja tu. Kijana wa Olumbi naye anamhitaji, na katika wilaya iliyopitia vita, ambamo watu wengi walikimbia makwao, msikilizaji huyo ni adimu. Kuwa yeye ni wajibu wa raia, awe anasali kanisani au msikitini.

Maswali ya tafakuri:
1. Eleza tofauti ya maana kati ya teja na mraibu.
2. Je, katika mtaa wako mtu anayetaka kuacha ulevi humwendea nani? Kama hakuna, nani angeweza kuanza?