Usugu wa dawa za VVU: dawa moja ikishindwa, nyingine nayo huweza kushindwa

Ukiruka dozi, virusi huzaliana, hubadilika na kuizoea dawa. Huo ndio usugu. Dawa za kundi moja hushambulia virusi kwa njia moja. Hivyo virusi vilivyozoea nevirapini mara nyingi huishinda efavirenzi pia, hata kama hujawahi kuimeza. Dolutegraviri, ambayo Uganda ilianza kuitoa kwa wingi mwaka 2018, ni ya kundi jingine.

Mvuvi wa Hamukungu anayehamia mwalo mwingine wa Ziwa George, au mkimbizi anayehama kambi, achukue dawa za kutosha kabla ya safari. Beba kadi yako: humwonyesha mhudumu dawa ulizokwisha kutumia. Usiazime vidonge vya mwenzako. Pima wingi wa virusi kila unapoitwa.