Leja, Jina na Kanzidata katika Nchi ya Usukuma

Kamanga iko ng'ambo ya magharibi ya Ghuba ya Mwanza, katika Wilaya ya Sengerema, ikielekeana na mji wa Mwanza. Nchi izungukayo ghuba hiyo ni nchi ya pamba, na pamba ndiyo iliyowafundisha wenyeji thamani ya hesabu iliyoandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 malalamiko makubwa ya wakulima yalikuwa juu ya mizani ya wanunuzi. Paul Bomani na wenzake waliweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Lakini mzani wa haki peke yake haukutosha. Uzito uliosomwa ulipaswa kuandikwa, tena na mtu aliyejua kuuandika.

Leja ya namna hiyo ina hekima yake. Mwanachama hupewa namba moja. Jina lake huandikwa mara moja tu, na kila mzigo auletao hufuata namba, wala si jina. Wataalamu wa leo huuita mpango huo kanzidata, au hifadhidata, nao huudhania mpya.

Bomani alikuwa Waziri wa Fedha tangu 1962 hata 1965, na katika mwaka huo wa 1965 kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika wizara hiyo. Mambo hayakwenda vema: hesabu zilivurugika, na wageni ndio waliokuwa wakitegemewa kuiendesha mitambo. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ya ruhusa maalumu. Amri hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980, yaani wakati programu ya dBase ilipokuwa imekwisha kuenea ng'ambo. Si haki kuilaumu amri kwa kila upungufu uliofuata, ijapokuwa ilichangia: mwanafunzi wa Kitanzania mara nyingi alijifunza kwa chombo ambacho wenziwe walikuwa wamekwisha kukiacha.

Hata Kiswahili kilipopata programu zake za ofisi, hali ilikuwa hiyo hiyo. Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Desemba 2004. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, maana istilahi nyingi zilibidi kutafutwa upya. Lakini ilijengwa juu ya toleo la zamani, ambalo majedwali yake yalikomea mistari 32,000, wala halikuwa na sehemu ya pekee ya kanzidata. Sehemu hiyo, iitwayo Base, ilikuja na toleo la 2.0 mwezi Oktoba 2005. Mwenye kutaka kujifunza kanzidata kwa Kiswahili alilazimika basi kuiigiza kwa jedwali la hesabu.

Hapo ndipo lugha yenyewe inapoingia. Katika jedwali mwanafunzi huandika jina upya katika kila mstari. Sasa Kisukuma kina sauti ya ng'w mahali ambapo makarani wa Kiswahili huandika mw. Mji wenyewe wa Mwanza Wasukuma huuita Ng'wanza, na mtu mmoja huweza kuandikwa Ng'wanamalundi leo na Mwanamalundi kesho. Karani wa leja hutabasamu na kufungua ukurasa ule ule, kwa kuwa namba haikubadilika. Mashine haitabasamu. Hupanga moja chini ya M na nyingine chini ya N, mbali na mwenziwe, na ikiulizwa jumla hutoa jumla mbili za watu wawili. Msimu ukiisha na malipo ya pili yakagawiwa, mkulima huyo husimama mbele ya dirisha la chama akiwa na stakabadhi zake zote mkononi, na karatasi iliyochapishwa inaonyesha kwamba alileta nusu tu ya pamba yake.