Kisukari cha watoto chahitaji mchango wa kila mwezi

MKENYA akilazwa na bili ya hospitali ikapanda, jamaa na majirani huitisha harambee. Kamati huundwa, mwekahazina huteuliwa na kadi za mchango huzungushwa makanisani, misikitini na sokoni. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, hata aliye Lodwar humchangia mgonjwa wa Kwale bila kuabiri gari. Bili hulipwa, mgonjwa akarudi nyumbani na kamati ikavunjwa.

Utaratibu huo hufaa sana kwa upasuaji. Kwa familia ya mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kamati huvunjwa siku ile ile gharama zinapoanza.

Aina hii ya kisukari hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu na mwili hukosa nguvu. Mtoto hunywa maji kupita kiasi, hukojoa mara kwa mara, hata kitandani ilhali alikuwa ameacha, na hukonda upesi. Wengine hutibiwa malaria hadi wanapozirai.

Haisababishwi na peremende wala soda, na si kosa la mama. Inafaa jambo hili litangazwe hadharani kabla ya kadi za mchango kuchapishwa, kwani mzazi anayenyoshewa kidole huona haya kuomba msaada.

Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Canada, mwaka 1921, watoto hao walikufa baada ya miezi au miaka michache. Januari 1922, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo na akaishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isije ikawa ya matajiri pekee. Zaidi ya karne moja baadaye, bado kuna wazazi wanaouza mbuzi kuinunua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chupa ya kawaida ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mtoto anayetumia yuniti 30 kwa siku huimaliza kwa takriban mwezi mmoja. Aliyegunduliwa akiwa na umri wa miaka sita atakuwa ametumia chupa zipatazo 144 afikapo miaka 18, na kadiri anavyokua ndivyo kipimo huongezeka.

Ila insulini huenda isiwe mzigo mkubwa kuliko yote. Mtoto anapaswa kupimwa damu mara kadhaa kila siku, na kila kipimo hula kijiti kimoja ambacho hakitumiki tena. Akipimwa mara nne, mwezi wa siku 30 humaliza vijiti 120, yaani zaidi ya pakiti mbili za vijiti 50. Kuna pia sindano, nauli ya kliniki, na chakula cha wakati maalumu ambacho hakingoji mshahara. Wachangishaji wengi hutaja dawa na kusahau vijiti, na mzazi asiye navyo hubaki kukisia kipimo cha dawa inayoweza kumuua mtoto ikizidi.

Kuna mipango inayopunguza mzigo huu. Ule wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009 na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark pamoja na washirika wake, ulifika Kenya mwaka 2012 na kuwapa watoto insulini bila malipo katika kliniki zilizoteuliwa. Hata hivyo, mipango ya aina hiyo huwa na kikomo cha umri, nao ugonjwa hauna. Wala haimlipii mzazi nauli.

Mfano wa uchangishaji unaolingana na ugonjwa wenyewe ulianza ng'ambo mwaka 2013. Siku ya wapendanao, wanunuzi wa maua waliombwa wanunue mawaridi 11 badala ya 12, na bei ya ua moja, dola 5, iende kwa mpango wa Life for a Child wenye makao yake Australia. Kiasi hicho kilikadiriwa kumtunza mtoto mmoja kwa mwezi. Si ajabu baadhi ya mawaridi hayo yalitoka Naivasha.

Hapa nchini, chama cha akina mama kinaweza kufanya vivyo hivyo bila ua. Watu 20 wakiahidi kiasi kidogo kila mwezi kwa miaka mitatu, familia hupata uhakika kuliko kwa harambee moja ya kishindo iliyopambwa na wanasiasa. Ni bora pesa zilipwe moja kwa moja kwa duka la dawa au kliniki, risiti zikawasomewa wachangaji. Familia nayo ibakishiwe fungu la nauli bila kuulizwa kila shilingi.

Kuhusu kununua jokofu, wachangaji wasiharakishe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliozingatia viwango vya joto katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, ulibaini kuwa insulini ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne katika joto la kati ya nyuzi 25 na 37. Chungu cha udongo chenye unyevu, kikiwekwa kivulini, husaidia kuipoza chupa inayotumika. Bei ya jokofu hununua vijiti vya miezi mingi.